Peni ya dhahabu ya Henry III: bei ilikosewa, au haikuwa na mnunuzi?

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu peni ya dhahabu ya mwaka 1257 ni mafupi: Mfalme Henry III wa Uingereza aliipangia bei ya chini kuliko dhahabu yake, watu wakaiyeyusha. Hesabu zinaunga mkono hoja hiyo, ila si kwa mwaka huo.

Sarafu hiyo ilifuliwa London na William wa Gloucester, sonara wa mfalme. Ilikuwa dhahabu safi ya gramu 2.9 hivi, uzito wa peni mbili za fedha, na ikatangazwa kuwa sawa na peni 20 za fedha. Maana yake dhahabu ilibadilishwa kwa fedha yenye uzito mara kumi. Kufikia 1265 ilihesabiwa peni 24, yaani mara kumi na mbili. Aliyeipokea kwa 20 akaiuza kama dhahabu alibaki na peni nne za bure. Kwa bei hiyo, nani angeipeleka sokoni?

Lakini Novemba 1257, sarafu ikiwa bado mpya, meya na raia wa London walilalamika kinyume chake: kwamba itashusha bei ya dhahabu. Waliongeza kuwa maskini wengi hawana mali inayofikia thamani ya sarafu hata moja. (Wenye dhahabu ya kuuza walikuwa na sababu zao za kuwahurumia maskini.) Hata hivyo, hoja ya pili ina uzito. Peni 20 zilikaribia ujira wa kibarua wa wiki mbili au zaidi, na mavuno ya mwaka huo yalikuwa mabaya. Mfalme akajibu kuwa hakuna anayelazimishwa kuipokea, na asiyeitaka aipeleke kwenye ofisi yake ya kubadilishia fedha apewe peni 19 na nusu. Kwa maoni yetu, jibu hilo liliidhuru sarafu mapema kuliko bei: mfanyabiashara akishajua anaweza kuikataa, na kwamba akiirudisha atakatwa nusu peni, anabaki na peni zake za fedha.

Mji wa Florence, Italia, ulianza kufua florini, sarafu ya dhahabu ya gramu 3.5, mwaka 1252 nayo ikaenea, kwa kuwa wafanyabiashara wake walikuwa na malipo makubwa ya kufanya ng'ambo. Uingereza iliuza sufu na kulipwa fedha, si dhahabu. Dhahabu ya Henry haikutokana na biashara hiyo. Aliikusanya kwa ajili ya vita vya msalaba, zikiwemo dinari za Waalmohadi, watawala Waislamu wa Afrika Kaskazini na Hispania, ambazo dhahabu yake ilivuka Sahara kutoka Afrika Magharibi. Kisha akabanwa na gharama za vita vya Wales na mpango wa kumpatia mwanawe Edmund ufalme wa Sicily. Sarafu ilizaliwa na shida ya hazina, wala soko halikuwa limeiomba.

Leo zinajulikana takriban nane tu. Moja ilifukuliwa Hemyock, Devon, mwaka 2021, na Januari 2022 ikapigwa mnada kwa pauni 540,000 kabla ya ada. Uhaba huo mara nyingi hutolewa kama ushahidi wa kuyeyushwa kwa faida. Tatizo ni kwamba sarafu zilizorudishwa kwa peni 19 na nusu kwa kukosa kazi nazo zingeweza kuishia kwenye chungu kilekile cha sonara. Idadi iliyobaki haiwezi kutenganisha makundi hayo mawili.