Salsa haikuiua WHFS

Kila Januari hapa Maryland, Marekani, utawasikia watu wazima na mvi zao wakikumbushana msiba wa redio. Tarehe 12 Januari 2005, saa sita mchana, stesheni ya roki WHFS 99.1 FM ilipiga wimbo wa kuagana wa mwanamuziki Jeff Buckley, na ulipokwisha ikaingia salsa, muziki wa dansi wa Kilatini. Hakuna aliyeonywa. Masafa yalikuwa yamekwishapewa stesheni mpya ya Kihispania, El Zol. Mpaka leo wapenzi wa roki wakisimulia siku ile huisimulia kama watu waliovamiwa nyumbani kwao. Mimi HFS niliipenda, na msiba huo nauhesabu kuwa wangu pia, lakini namna wanavyoulilia inanikera.

Kwa asiyeijua, WHFS ilianza kurusha matangazo mwaka 1961 pale Bethesda, pembeni mwa Washington, kwenye 102.3. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1960, mzee Jake Einstein aliyekuwa akiiendesha aliwafungulia mlango vijana wa nywele ndefu na kuwaachia wapige wanachotaka. Hapakuwa na orodha iliyoletwa kutoka ofisi ya juu. Mtangazaji alikuja na sahani zake za santuri mkononi, akapiga blues, akaunganisha na country, kisha bendi ya vijana wa mtaani ambayo hakuna aliyeisikia, na kama upande mzima wa sahani ulimpendeza, aliuacha uzunguke mpaka sindano ifike katikati. Masafa hayo yalipouzwa mwaka 1983, jina na watu wake walihamia 99.1, Annapolis.

Watu wenyewe ndio waliokuwa redio. Alikuwepo Weasel, mwenye sauti nyembamba ya kukwaruza ambayo shule yoyote ya utangazaji ingeikataa mlangoni. Alikuwepo Cerphe Colwell. Na alikuwepo Damian, mwana wa mzee Einstein, ambaye ajali ya gari mwaka 1975 ilimharibia usemi. Maneno yalimtoka taratibu na kwa shida, na hewani aliendelea vilevile. Mwaka 1989 wamiliki wapya walimwondoa kwenye maikrofoni kwa sababu ya usemi huo. Wasikilizaji wakaja juu, kesi ya ubaguzi ikafunguliwa, na hatimaye akarudi. Kisa hicho hunieleza HFS ilikuwa kitu gani kuliko jina la bendi yoyote. Watu waligombania mtangazaji aliyesema kwa shida, kwa sababu masikio yake waliyaamini.

Nilipofika mimi, mwishoni mwa miaka ya 1990, enzi hiyo ilikuwa imeanza kuwa hadithi. HFS ilikuwa kubwa mno. Tamasha lake, HFStival, lililoanza mwaka 1990, lilikuwa likijaza uwanja wa RFK wa Washington, na nusu ya magari kwenye foleni ya Beltway, barabara kuu inayouzunguka mji huo, yalikuwa na kibandiko chake nyuma. Mimi niliisikilizia jikoni, kwenye mgahawa mmoja wa Silver Spring nilikoanzia kuosha vyombo. Redio ilikaa kwenye rafu juu ya sinki, imejaa mafuta, kitufe cha kutafutia stesheni kilishakatika, na ukitaka kuibadilisha ilibidi uombe koleo. Kwa hiyo haikubadilishwa. Roki niliyoifahamu, niliifahamu kwa njia hiyo: mikono kwenye maji ya moto na gitaa juu ya kichwa.

Siku salsa ilipoingia tulikuwa kwenye pilikapilika za chakula cha mchana. Kijana mmoja wa Rockville, aliyekuwa akikatakata vitunguu, alidhani redio imeteleza yenyewe. Akachukua koleo. Akazungusha kushoto, akazungusha kulia, akarudi palepale: trampeti. Aliyekuwa kwenye jiko la kukaangia alikuwa mtu wa El Salvador, mkimya, miaka yote ile nilikuwa sijamsikia akiimba hata mara moja. Aligeuka na kijiko chake akamwambia, kwa Kiingereza cha kuhesabu, iache hapohapo. Halafu akaimba, na wimbo aliujua wote.

Ndiyo sababu hadithi ya uvamizi hainiingii. Kaunti za Montgomery na Prince George's wakati ule zilikuwa na watu wengi mno kutoka El Salvador na Guatemala. Ukipita Langley Park ungedhani umefika mji mwingine kabisa, kuanzia maandishi ya madukani hadi harufu ya pupusa, mikate yao ya mahindi. Watu hao walikuwa na wapigaji muziki, wanunuzi, mafundi na makanisa, ila kwenye FM yenye nguvu ya kufika kila mahali hawakuwa na sauti. Mimi mwenyewe nimeishi hapa miaka yote hii na sijawahi kufungua redio ya gari nikakutana na Kiswahili, pamoja na kwamba Sauti ya Amerika ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili kutoka humuhumu Washington, ikiwasemesha ndugu zetu walioko ng'ambo. Sisi tuliokulia redio ya taifa na kadi za salamu, tukakaa kimya ili tusikie jina la shangazi likitajwa, hatuhitaji kufundishwa furaha ya yule mkaangaji.

Na kuna jambo ambalo waombolezaji hulipitia haraka. HFS ilikuwa mahututi muda mrefu kabla ya Januari ile. Miaka yake ya mwisho, wimbo ulioamka nao ndio uliolala nao. Bendi zilikuwa zilezile, ghadhabu ileile ya kutengenezwa, na watangazaji wakiharakishwa wamalize sentensi ili matangazo ya biashara yaingie. Wanaosema salsa ndiyo iliyowanyang'anya muziki wa kugundua wanasahau kwamba ugunduzi wenyewe ulikuwa umesimama.

Kilichotokea kina tarehe na kina sheria. Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya mawasiliano iliyoondoa ukomo wa idadi ya stesheni ambazo kampuni moja inaweza kumiliki nchi nzima. Kwenye miji mikubwa, kampuni moja iliruhusiwa kushika hadi nane. Miaka michache tu baadaye kampuni ya Clear Channel ilikuwa na stesheni zaidi ya 1,200. HFS nayo ilikwishaingia mikononi mwa Infinity, kampuni iliyokuwa chini ya Viacom. Ukiwa na stesheni nyingi kiasi hicho, hakuna hata moja inayobaki kuwa ya mtaa fulani. Zote ni safu kwenye karatasi moja, na kila safu huulizwa swali moja kila robo mwaka: imeingiza pesa ngapi. Siku roki ilipotoa jibu dogo kuliko Kihispania, mchezo ulikwisha. Hakuna aliyeketi kwenye kikao akasema anaipenda bachata, muziki mwingine wa Kilatini.

Ushahidi? Tazama 99.1 ilikopita tangu hapo. El Zol nayo iliondolewa kwenye masafa hayo mwishoni mwa 2011, ikapelekwa 107.9. Ikaja redio ya habari tupu. Mwaka 2015 zikaja habari za hisa na biashara. Palepale vijana walipozoea kusikia bendi zisizojulikana, ikaanza kusikika bei ya mafuta ghafi. Ajabu ni kwamba sijawahi kuona mtu akivaa fulana ya kuomboleza dhidi ya soko la hisa.

Mzee Einstein yeye alikuwa ameshajiondokea. Miaka ya 1990 alianza upya na redio ndogo palepale Annapolis, WRNR 103.1, akiwa na Damian na baadhi ya watu wake wa zamani. Mnara wake haukufika mbali, lakini aliyeweza kuidaka alipata kitu kinachofanana sana na HFS ya kwanza. Redio hiyo ilimzidi umri mzee mwenyewe, aliyefariki 2007. Mwanzoni mwa 2023 masafa yake yaliuzwa kwa redio ya dini. Nakumbuka nilivyongoja kelele za kiwango cha 2005, zile sahihi maelfu kwa maelfu zilizokusanywa mtandaoni kudai HFS irudishwe. Kati ya watu ninaowajua, wengi hawakujua hata kwamba imezimwa. Hapo ndipo nilipoanza kuwatilia shaka waombolezaji. Wanachokililia pengine ni miaka yao ya ujana, na hilo halina ubaya, ila wasilibambikie kabila la mtu.

Mwezi Septemba 2024 HFStival ilifufuliwa kwa siku moja kwenye uwanja wa Nationals Park, Washington. Walikuwepo The Postal Service, Death Cab for Cutie, Garbage, Bush, Incubus na wengine. Watu walifurika, wengi wakiwa wamebeba dawa za mgongo na wakiuliza pa kukaa. Walioenda wanasema lilifana, na nawaamini. Lakini lile lilikuwa tamasha la nyimbo ambazo kila mmoja anazijua. HFS niliyosimuliwa na wazee wa hapa ilikuwa kinyume chake kabisa. Ukiwauliza wanakumbuka nini, hawataji wimbo. Wanataja jina la mtangazaji, na saa, na walikuwa wakiendesha kuelekea wapi.

Yule mkaangaji bado ni rafiki yangu. Sasa ana mgahawa wake, na redio yake ina vitufe vyote. Nilipopita kwake juzijuzi haikuwa imewashwa, nikamtania kwamba ameisaliti El Zol. Akafuta kaunta polepole, akaniambia zamani ilikuwa redio, siku hizi wanarudia nyimbo zilezile kutwa nzima.