Tasnifu Imekonda, Mimi Nimenenepa

Kiti cha plastiki kilinivunjikia saa tano usiku, nikiwa ukurasa wa 43. Na hakikuvunjika mara moja, tukamaliza. Kilianza kupanua miguu taratibu, mmoja ukielekea Burundi, mwingine ukielekea Kongo, na mimi katikati na laptopu mapajani, nateremka kama jeneza. Mama watoto alitoka chumbani na tochi ya simu. Akanimulika mimi, akamulika kiti, akasema, "Pole." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Kilikuwa bado kipya hicho." Mpaka leo sijui ile pole ilikuwa ya nani.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kigoma, mwisho wa reli, nakaa Mwanga. Mwaka jana shetani alinipitia nikaamua kusoma masta. Chuo sikitaji, bado nahitaji cheti chao. Mchana nafundisha, usiku naandika tasnifu, na mada yangu, wewe cheka tu, inahusu chakula cha mchana shuleni na mahudhurio ya wanafunzi. Kila nikiandika neno "lishe" nasikia njaa. Hadi sasa nimeliandika mara 312, kompyuta imenihesabia.

Hakuna aliyenitahadharisha kwamba masta haiingilii kichwani, inaingilia makalioni. Unakaa. Sentensi ikikwama, unatafuna karanga ili akili ifunguke. Ikikubali, unatafuna karanga kujipongeza. Utafiti uende usiende, karanga zinakwenda. Na pembeni kuna chupa ya chai, sukari vijiko vinne kwa kikombe, kwa sababu Profesa wangu, msimamizi, ana kawaida ya kutuma maoni usiku wa manane, na maoni ya usiku wa manane huyasomi na chai kavu.

Maoni yenyewe yana wimbo mmoja: "Sura ya pili imekonda." Kila mwezi imekonda. Naijazia maandiko, naipeleka, inarudi imekonda. Wakati huohuo mkanda wa suruali umehama matundu matatu, na hilo la tatu nimelitoboa mwenyewe kwa msumari wa moto.

Baada ya msiba wa kiti nikaenda kupima. Nesi mmoja mpole akanipandisha kwenye mzani: kilo 84. Akanisimamisha ukutani: mita 1.68. Akachukua kikokotoo, akazidisha urefu kwa urefu, akagawa, akanionyesha: 29.8.

"Mwalimu, kuanzia 25 huo ni uzito uliozidi. Ukigusa 30 tunaita kiribatumbo."

Nilifika nyumbani nikapiga hesabu upya, maana mimi hesabu nafundisha. Kati yangu na kiribatumbo zimebaki gramu 670. Hiyo siyo safari, hiyo ni sahani moja ya ugali wa muhogo wa mama watoto, na sahani yenyewe ilikuwa mezani imefunikwa kawa, inanisubiri. Presha nayo ilisoma 138 kwa 88. Haijapanda, lakini imeshashika ngazi.

Nesi alinipa masharti. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, hapo imo ya mchuzi, ya dagaa na ile unayonyunyizia kwenye embe bichi ukidhani hakuna anayekuona. Mazoezi dakika 150 kwa wiki, ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyotaka. Na nipunguze mafuta.

"Mafuta gani?" nikauliza, huku moyo umeshajua.

"Yote. Hata mawese."

Sasa jamani. Kumwambia mtu wa Kigoma apunguze mawese ni kumwambia samaki apunguze maji, kidogokidogo tu, asizoee vibaya. Kisamvu huku kina mawese. Maharage yana mawese. Mgebuka, samaki wetu wa ziwani, anaoga mawese. Chakula kisicho na ile rangi ya jua linapozama upande wa Kongo ni chakula cha mgonjwa, na ukikipeleka kwa mgonjwa mwenyewe anakuuliza amekukosea nini. Nikamjibu nesi kisomi, kama niko mbele ya jopo: mawese mekundu yanaupa mwili vitamini A kwa wingi, maandiko yapo. Akatabasamu. "Ni kweli. Na karibu nusu yake ni mafuta yale yanayoganda. Asubuhi ya baridi, Mwalimu, hujawahi kuliangalia dumu?" Nimeliangalia. Huwa limeganda kama nta. Kijiko kimoja cha chakula, akasema, ni kama kalori 120. Nilitaka kumweleza kwamba nyumbani kwangu mawese hayapimwi kwa kijiko, yanapimwa kwa upawa, lakini macho yangu yalitua kwenye kucha ya kidole gumba chake. Ilikuwa ya rangi ya machungwa. Nikaelewa alichokula mchana. Nikaaga kwa adabu.

Basi nikapanga lishe. Dagaa wa kuchemsha, nyanya, kitunguu, mchicha, ugali kiasi cha ngumi. Dagaa tunao, sifa yetu nchi nzima, na ukienda Kibirizi unawakuta wameanikwa wanang'aa kama vijiko vipya. Wiki ya kwanza nilikula kama mtakatifu. Wiki ya pili nikafika Kibirizi, yule mama ninayenunua kwake amekaa juu ya ndoo, mikono shavuni.

"Mama, dagaa?"

"Mwanangu, huoni mwezi?"

Nikatazama juu, mchana kweupe, kama juha. Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho mtoto yeyote wa Kibirizi anakijua: dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa totoro, taa zinawaita, nyavu zinajaa. Mbalamwezi ikitoka, ziwa zima lina taa moja kubwa ya bure, samaki wanatawanyika, wavuvi wanatundika nyavu, bei inapanda. Kwa hiyo mpango wangu wa afya unaendeshwa na mwezi. Giza likiwepo nakula dagaa. Mwezi ukipevuka narudi kwenye chipsi mayai. Pale Mwanga wenzangu wanaoangalia mwezi wanaangalia kwa ajili ya mfungo, mimi naangalia kwa ajili ya kitambi. Nilijaribu kumweleza Profesa, yuko Dar es Salaam, kwamba nimechelewesha sura kwa sababu ya mbalamwezi. Hakunijibu siku nne.

Tuje kwenye dakika 150. Nilinunua raba, za mtumba lakini nzima, nikatoka saa kumi na mbili asubuhi kukimbia kushuka Mwanga mpaka stesheni, chini ya ile miembe. Sasa mwalimu mwenye umri wangu hakimbii. Wahenga walishasema mtu hakimbii miibani bure, ama anafukuza nyoka ama nyoka anamfukuza, na asubuhi ile Kigoma nzima ilitaka kumwona nyoka. Mmoja: "Mwalimu, kwema?" Mwingine: "Msiba wapi?" Mama mmoja mwenye beseni la samaki kichwani alinitazama, akatazama nyuma yangu, akaanza kukimbia na yeye, upande ninaokwenda mimi, beseni halitikisiki. Alinipita. Na aliponipita ndipo akaniuliza, bila hata kuhema, "Kwani kuna nini?"

Halafu wanafunzi wangu. Niliwakuta watano wanateka maji. "Shikamoo Mwalimu!" Nitaitikia marahaba kwa pumzi ipi? Nikainua mkono. Wakadhani nawaita. Wakaacha ndoo, wakanifuata mbio, watano nyuma yangu, na kwa mbali ikawa kama vile hatimaye wanafunzi wamechoka na wameamua.

Hata hivyo nilifika stesheni. Tatizo la mji huu ni kwamba stesheni iko chini ziwani na nyumbani kwangu ni juu. Kwenda ni raha, mvuto wa dunia unakusomesha bure. Kurudi ni kesi. Nikatazama ule mlima, nikatazama bajaji, bajaji ikanitazama. Tangu siku hiyo mazoezi yangu ni ya kwenda tu. Dereva wa bajaji ameshanizoea, nikichelewa ananipigia: "Mwalimu, leo hushuki?" Nimekokotoa nauli kwa mwezi, ingetosha kununua baiskeli, ambayo nayo ningeishusha mpaka stesheni na kuirudisha kwa bajaji.

Nafikiriaga sana kuhusu Stanley, yule mwandishi aliyekuja kumtafuta Livingstone. Mwaka 1871 alitoka Bagamoyo kwa miguu mpaka Ujiji hapo jirani, miezi saba na ushee, hakuna bajaji, na kitu tunachokumbuka ni salamu tu. Hakuna anayesema habari za uzito wake alivyofika.

Nikajaribu na vikundi. Kuna kile cha jogingi cha Jumamosi, wanakimbia kwa nyimbo, fulana za rangi moja, raha sana. Niliimba zaidi kuliko nilivyokimbia. Tukamaliza mbele ya kibanda cha supu, na katibu akatangaza kwamba supu ni sehemu ya programu. Supu ya utumbo, chapati mbili, na kwa kuwa nilikuwa mwanachama mpya, ya tatu wakaninunulia. Nilirudi nyumbani nimeongezeka. Vijana wa nyuma ya nyumba nao wana jimu yao: bomba la chuma na makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege. Nikawaendea. Mmoja akanikaribisha vizuri tu, "Mzee wetu, shikamoo, utabeba au utahesabu?" Nilihesabu.

Pamoja na yote hayo, usinidharau, kwa miezi miwili niliteremka kilo tatu. Sukari nilitoa vijiko vinne vyote, ingawa mama watoto alichukulia kwamba nalalamikia chai yake na tukanuniana siku mbili. Usiku nikaacha karanga, nikawa natafuna karoti, kruu, kruu, mpaka mtoto akauliza baba anafuga sungura chumba gani. Kilo tatu! Nikaingia ofisi ya walimu nimechomekea shati, nasubiri pongezi.

Kimya. Mwalimu wa Jiografia akaniangalia shingo. Mwalimu wa Kemia akanishika bega, akanipeleka pembeni karibu na kabati la chaki, akasema kwa sauti ya msibani, "Kaka, siku hizi dawa zipo. Mtu anaishi hata miaka hamsini." Jioni ile majirani wawili walileta maziwa. Mmoja alimuuliza mama watoto mlangoni, bila kuficha, kama ni mkopo au ni yule mwanamke mwingine. Mwanamke gani tena, nina sura ya pili mimi.

Kumbe habari imeshafika Ilagala, kwa mama mkwe. Akapiga simu. Mama mkwe huwa hanipigii mimi moja kwa moja, anapiga kwa binti yake, mimi nasalimia kwa mbali. Siku hiyo akanitaka mimi. Nikasimama wima, simu nimeishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Huko mnakula?"

"Tunakula mama, ni mazoezi tu, na hii masomo..."

"Masomo." Akanyamaza kama mtu aliyeambiwa jina la ugonjwa. "Haya baba. Kuna kitu nakutumia kesho."

Kilikuja na gari la asubuhi: dumu la lita 20, mdomo umefungwa kwa nailoni na mpira wa baiskeli, shingoni karatasi imeandikwa jina langu na neno "Mwalimu" limepigiwa mstari mara mbili. Mawese ya mwaka huu, mekundu yanayotisha. Zawadi ya mama mkwe hairudishwi, haigawiwi kwa majirani, na usije ukaificha, kwa sababu kila Jumapili anauliza limefika wapi. Mama watoto anamwelezea kwa vidole: limefika hapa, limefika hapa. Najenga ndoa kwa upawa.

Kwa hiyo kilo tatu zimerudi, na nadhani zimekuja na mgeni. Sijakanyaga mzani. Jana usiku ujumbe wa Profesa umeingia saa sita na robo: sura ya nne ni nene kupita kiasi, niipunguze kurasa kumi. Sura ya pili bado imekonda. Nikajibu, "Sawa Prof," nikafungua maharage yaliyobaki.

Mama watoto alikuwa ameshanunua viti, viwili, vya buluu. Nilidhani kimoja ni cha mgeni. Akavipandanisha kimoja juu ya kingine, akavisogeza mezani, akavikandamiza kwa mkono kuona kama vinayumba.

"Kimoja si kingetosha?" nikamuuliza.

"Ile sura ya pili imepita?"

"Bado."

Akaenda sebuleni, akarudi na cha tatu.