Tarumbeta Linaloharibu Wimbo

Mara ya kwanza kuusikia wimbo huu nilikuwa kwenye daladala ya Kariakoo, nikadhani kuna video imejifungua yenyewe kwenye simu. Gitaa na ngoma vinakwenda zake, mara linaingia tarumbeta la jeshini, halifuati mapigo wala halijali wimbo umefika wapi. Nikatoa simu mfukoni, nikakagua. Hakuna kitu. Ndivyo wimbo wenyewe ulivyo.

Unaitwa “The Glorious Land”, umo kwenye Let England Shake, albamu ya mwimbaji PJ Harvey wa Uingereza iliyotoka mwaka 2011. Karibu albamu nzima ni vita, na inarudi tena na tena Gallipoli, kule Uturuki, ambako majeshi ya Uingereza na washirika wake yalishuka ufukweni Aprili 1915, yakaondoka Januari 1916 mikono mitupu.

Roki ikiimba vita mara nyingi hupandisha sauti: gitaa zinanguruma kama mizinga, mwimbaji anafoka. Mimi naona huko ni kumremba askari tu. Harvey kaenda njia nyingine. Sauti yake nyembamba, ya juu, karibu ya mtoto. Mkononi ana autohapu, kale kazeze ka nyuzi nyingi na vitufe. Nyimbo zinachangamka, mguu unaanza kucheza wenyewe. Ndipo unapoyasikia maneno: askari anasimulia wenzake walivyodondoka kama mapande ya nyama, na mikono na miguu ya watu iliyobaki mitini. Haelezi kama alilia au aliogopa. Anataja alichokiona, anaendelea. Na wewe mguu bado unacheza, unaona aibu.

Sikubali kila kitu humo. “Written on the Forehead” inaruka hadi kwenye mji unaoungua huko Mashariki ya Kati, ikiwa na kipande cha rege ya zamani chini yake. Wimbo mtamu, ila unanitoa kwenye mahandaki kabla sijamaliza kuyaangalia.

Wimbo wa mwisho unanirudisha. Anayeuanza si yeye, ni Mick Harvey, Mwaustralia, majina tu yamegongana. Mtu anamkumbuka rafiki yake Louis, aliyechomoka mstarini akakimbia mbele, hakuonekana tena. Miaka imepita, na anachoweza kueleza vizuri ni rangi ya udongo wa pale, wekundu wa kahawia uliofifia.

Vita hiyohiyo, ya Kwanza ya Dunia, ilifika kwetu. Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi kikiitwa Carrier Corps, watu wakabebeshwa risasi na unga porini, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Vinywa vyetu vikalifupisha jina la kikosi, likabaki kuwa jina la mtaa na soko.

Wimbo ulipoisha nilivua spika za masikioni. Konda alikuwa ananing'inia mlangoni, anaita: “Kariakoo, Kariakoo, siti zipo!”