Mama Mkwe wa Ghorofa ya Tatu

Wiki iliyopita, katika kikao cha arusi ya binamu yangu, mzee mmoja wa upande wa pili alisema kwamba mama anayehamia kwa mkwewe amejivunjia heshima. Mama yangu, ambaye anaishi nasi tangu nijifungue mtoto wa pili, alikuwa amekaa mkekani na mtoto huyo mapajani, mwili ukimchemka kwa homa. Hakujibu neno, aliendelea kumfuta paji la uso kwa upindo wa kanga. Mimi nilirudi nyumbani na uchungu, na usiku kucha nilikuwa nikimfikiria Marian Robinson, mama mkwe wa Barack Obama, aliyekuwa rais wa Marekani.

Huku kwetu tulimfahamu zaidi bibi yake Obama wa Kogelo, Mama Sarah, aliyefariki Machi 2021, na alistahili sifa zake zote. Lakini bibi aliyeishi na Malia na Sasha, binti za Obama, siku kwa siku alikuwa Marian wa Chicago, mzaa Michelle, mke wa Obama. Mumewe, Fraser, alifanya kazi katika mitambo ya maji ya jiji huku maradhi yakimla mwili mpaka alipofariki mwaka 1991. Marian alikuwa katibu katika benki, na kampeni ya mkwewe ilipopamba moto aliiacha kazi hiyo, akiwa na umri wa takriban miaka 70, ili watoto wasikose mtu wa kuwapokea wakati wazazi wao wanazunguka majimbo kutafuta kura.

Anayedhani kwamba mama huyu alifuata raha Ikulu ya Marekani hajui habari zake, kwa maana hakutaka kuondoka Chicago, na ilibidi Michelle na kaka yake Craig wamsihi. Alipohamia, Januari 2009, Malia alikuwa na miaka 10 na Sasha 7. Alipewa chumba ghorofa ya tatu, na katika nyumba iliyojaa watumishi alichoomba ni kuonyeshwa mashine ya kufulia, akawa anafua nguo zake mwenyewe. Alikuwa akiwasindikiza wajukuu shuleni garini. Alikuwa pia akitoka peke yake kwenda madukani, na mtu akimwambia kwamba anafanana na mama yake Michelle, anajibu kuwa huambiwa hivyo mara nyingi. Miaka minane mizima! Rais angewezaje kusafiri na mkewe, wakalala nchi za mbali wakiwa na moyo uliotulia, kama kule ghorofani hapakuwa na mtu wa damu yao? Hiyo ni kazi, na mama anayeifanya hali chakula cha bure cha mkwe.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapo mama wakwe wazito. Madge Wallace, mama yake Bess, mke wa Rais Harry Truman, aliishi Ikulu hiyo hiyo mpaka akafia humo Desemba 1952, na hadi mwisho hakumwona Harry kuwa mume wa hadhi ya binti yake. Nakubali pia kwamba Marian alikuwa na wapishi, na mama zetu hawana.

Marian alirejea Chicago baada ya muhula wa pili kwisha, akafariki Mei 31, 2024, akiwa na miaka 86.

Kikao kijacho ni Jumapili. Nimeshamwomba mjomba kwamba mama yangu atengewe kiti mbele, kando ya wazee, na mzee yule aketi mahali anapoweza kumwona.