Nusu ya yuniti si wizi wa mchana

Kanuni za mwaka 2024 zinamruhusu Mkenya mwenye paneli za sola juu ya paa, zisizozidi megawati 1, kuingiza stima inayobaki kwenye nyaya za Kenya Power, kampuni inayosambaza stima nchini. Halipwi pesa. Anaandikiwa yuniti za kutumia baadaye, ila akiingiza 10 anaandikiwa 5. Hapo ndipo kelele zinapoanzia. Wenye paneli wanasema ni wizi wa mchana kweupe, na kwa jinsi Kenya Power inavyopendwa, nani atajitokeza kuitetea?

Acha nijaribu. Yuniti ya saa saba mchana na ya saa mbili usiku hazilingani, hata mita ikizisoma sawa. Saa saba jua linawaka Runda ya Nairobi na Nyali ya Mombasa kwa pamoja, mitaa ya wenye nazo, wenye nyumba wako kazini, na kila paa lina ziada. Saa mbili usiku jua limeshazama na nchi nzima imewasha taa, televisheni na hita za kuogea. Ndiyo saa ya kilele. Mwaka 2025 mahitaji yalipita megawati 2,300, na mitambo ya mafuta huamshwa kusaidia. Mwenye paneli anaweka akiba yuniti ya wakati wa wingi, kisha anaidai wakati wa uhaba. Betri ingemfanyia kazi hiyo, lakini bei ya betri anaijua, na ndiyo maana hakuinunua.

Halafu kuna nguzo. Ada ya kudumu ya shilingi 150 iliondolewa kwenye bili za nyumbani mwaka 2018, kwa hiyo gharama za transfoma, nyaya, mafundi na mikataba ya wazalishaji, ambayo mingi hulipwa stima itumike isitumike, zimebebwa ndani ya yuniti. Anayenunua yuniti chache anachangia kidogo, na nguzo bado imesimama langoni kwake ikimsubiri usiku. Gharama hiyo haifi, inahamia kwa aliyebaki. Aliyebaki ni mpangaji wa Kayole, mtaa wa watu wa kipato kidogo Nairobi, anayenunua tokeni za shilingi 50. Hana paa la kuwekea paneli, na mwenye nyumba hana sababu ya kumwekea. Ukimhesabia wa Runda yuniti 10 kwa 10, tofauti inajazwa na tokeni za Kayole. (Na ada ile ikirudishwa sawa kwa wote, wa kwanza kuumia atakuwa mpangaji huyo huyo.)

Wenye paneli nao hawakuanza vita hivi. Agosti 2023 giza liliikumba karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukazimika, na kabla mwaka haujaisha stima ya taifa ilikuwa imepotea tena Novemba na Desemba. Paneli nyingi zilipandishwa na watu waliochoka na giza, wala si kwa mapenzi ya mazingira. Na mbona iwe nusu kamili? Kwangu mimi nambari hiyo inanuka mapatano kuliko hesabu.

Kampuni ingeweza kuwaonyesha wateja hesabu ya saa, yaani bei inayobadilika kulingana na saa ya matumizi. Viwanda vilipewa bei nafuu ya usiku tangu mwishoni mwa 2017, maana mvuke wa ardhini unaozalisha stima Olkaria haulali na mahitaji yakishuka mwingine huachiwa hewani. Magari na pikipiki za umeme zikapata bei yao mwaka 2023. Nyumba za kawaida bado hazijaonjeshwa. Anayekaanga samaki jioni hawezi kungoja saa nne usiku, lakini pampu ya maji na pasi zinaweza.

Ninapoungana na wenye paneli ni hapa. Ikiwa yuniti ya mchana ni nusu kwa sababu ya saa yake, basi aliyejinyima akanunua betri, akaingiza stima saa mbili usiku, taifa linapoihitaji kuliko wakati wowote, alistahili kuandikiwa yuniti nzima, pengine na nyongeza. Naye pia anaandikiwa nusu.