Usikubali vali ya gesi ibadilishwe kabla ya vipimo

Kila baridi inapoanza Uingereza, maneno ni yale yale: boila (mtambo wa gesi unaopasha maji na nyumba) imegoma, fundi amekuja, akatazama kwa dakika kumi, akasema vali ya gesi imekufa. Mwenye nyumba anatoa paundi mia kadhaa, vali mpya inafungwa, na baada ya siku mbili boila inagoma tena kwa kosa lile lile. Msimamo wangu ni huu: vali ya gesi husingiziwa mara nyingi kuliko inavyoharibika, na fundi asiyeweza kukuonyesha vipimo asiruhusiwe kuagiza kipuri.

Ukijua boila inavyowaka, utajua pia mahali pa kuuliza maswali. Unapofungua maji ya moto au kipimajoto cha ukutani kinapodai joto, feni huanza kwanza kuzunguka. Bodi ya umeme husubiri ithibitishe kwamba feni imefikia kasi yake, ndipo inapotoa cheche na, wakati huo huo, kupeleka umeme kwenye vali. Ndani ya vali kuna koili mbili zinazofungua milango miwili iliyofuatana; mmoja ukikwama wazi, wa pili bado unazuia gesi. Katika boila nyingi za kisasa vali haisukumi gesi kwa nguvu. Feni ndiyo inayoivuta, na vali hutoa gesi kulingana na hewa inayopita. Halafu elektrodi iliyo ndani ya moto huhisi mkondo mdogo sana wa umeme unaopita kwenye mwali. Bodi isipohisi mwali ndani ya sekunde chache, hufunga vali na kujaribu tena. Ikishindwa mara kadhaa, boila hujifunga na kuonyesha namba ya kosa.

Hapo ndipo watu wanapopotea. Namba hiyo husema tu kwamba mwali haukuonekana. Haisemi kwa nini.

Chukua boila inayowaka sekunde tatu nne kisha ikazima. Vali hiyo imefungua, maana bila gesi kusingekuwa na mwali. Wa kuchunguzwa hapo ni elektrodi iliyopakwa masizi, kauri yake iliyopasuka, waya wa ethi (unaopeleka umeme ardhini) uliolegea, au moshi unaorudi kwenye hewa inayoingia kwa sababu bomba la moshi halikufungwa sawasawa. Siku za barafu kuna mshukiwa mwingine: bomba la plastiki linalotoa nje maji yanayotokana na moshi uliopoa. Likiwa jembamba na limepita ukuta wa nje, huganda, maji yanarudi ndani, na boila hutoa sauti ya kububujika kabla ya kujifunga. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu juu ya bomba, yasiwe ya kuchemka, kisha kubonyeza kitufe cha kuwasha upya. Na kabla ya hayo yote, mwenye mita ya gesi ya kulipia kabla aangalie kama bado ana salio. Jiko la gesi likikataa nalo kuwaka, shida haiko kwenye boila.

Kipimo cha kwanza ninachotaka kukiona ni presha ya gesi inayofika kwenye boila, na ipimwe boila ikiwa inaunguza kwa nguvu zote huku jiko nalo limewashwa. Kwa gesi ya bomba, kidhibiti cha kwenye mita hutoa milibari 21, kikiruhusiwa kupungua au kuzidi kwa 2, na bomba la ndani halitakiwi kupoteza zaidi ya milibari 1 kutoka mita hadi boila. Fundi mvivu hupima boila ikiwa imezimwa, anaona 21, anaridhika. Lakini gesi iliyosimama haimwambii chochote: ile ile 21 inaweza kushuka hadi 14 mara boila inapovuta. Sababu mara nyingi ni bomba la milimita 15 lililorefushwa chumba hadi chumba, ilhali boila ya maji ya papo kwa papo ilihitaji milimita 22. Hapo hata ukifunga vali tatu mpya hutapata nafuu. Kama presha ni ndogo tangu kwenye mita yenyewe, kidhibiti hicho si cha fundi wa mtaani kukigusa. Ni cha kampuni ya gesi.

Kipimo cha pili ni umeme kwenye plagi ya vali wakati cheche inapiga. Umeme huo hudumu sekunde chache, kwa hiyo waya za mita ya kupimia umeme ziwe zimeshikizwa mapema. Na fundi asome kitabu cha boila kwanza: vali nyingine hutumia volti 230, nyingine volti 24 za mkondo mnyoofu, na mita iliyowekwa kwenye mkondo geu itamwonyesha karibu sifuri hata umeme ukiwepo. Umeme usipofika, kosa liko kwenye bodi, nyaya, au swichi ya usalama iliyokata njia. Umeme ukifika, gesi ipo mlangoni, na bado haipiti: sasa ndiyo, vali imekufa. Kuthibitisha, umeme wa boila unazimwa na koili inapimwa ukinzani. Koili iliyokatika haionyeshi ukinzani wowote wa kusomeka. Tahadhari tu kwamba vali nyingine zina kigeuza mkondo ndani ya plagi yake, na ukipima kupitia hapo utadanganyika.

Kuna ubaya mwingine wa vali ambao ni wa hatari zaidi: kutofunga kabisa. Gesi huvuja taratibu kuingia kwenye chumba cha moto, na cheche ikipiga unasikia mlipuko mdogo. Boila inayowaka kwa kishindo izimwe na isiwashwe tena hadi ichunguzwe, hata kama inapasha maji vizuri.

Vali ikibadilishwa, kazi haijaisha. Viungo vyote vilivyofunguliwa vikaguliwe kama vinavuja, kisha moshi upimwe kwa mashine ya kuchambua gesi, katika nguvu ya juu na ya chini. Kaboni dioksidi kwa gesi ya bomba huwa karibu asilimia 9, kitabu cha boila kikitaja kiwango kamili, na uwiano wa kaboni monoksidi kwa kaboni dioksidi usizidi 0.004. Skrubu za marekebisho kwenye vali hazizungushwi kwa kukisia rangi ya mwali. Zikigeuzwa vibaya boila hutoa kaboni monoksidi, nayo haina harufu na inaua watu usingizini. Fundi asiye na mashine hiyo asifungue vali yako.

Wewe mwenyewe una ruhusa ya kuangalia presha ya maji (bari 1 hadi 1.5 boila ikiwa baridi), kuwasha upya, na kuyeyusha barafu. Kufungua kifuniko kinachoziba chumba cha moto ni kazi ya gesi, na sheria inataka ifanywe na aliyesajiliwa Gas Safe, yaani rejista rasmi ya mafundi wa gesi. Kadi yake ina picha mbele. Igeuze, kwa maana nyuma ndipo pameandikwa kazi anazoruhusiwa. Anaweza kuwa na ruhusa ya jiko na asiwe na ya boila. Ndugu wanaopeana namba za fundi wa bei nafuu kwenye makundi ya simu waanze na kuulizia kadi hiyo.

Ukiwa mpangaji huko England au Wales, matengenezo ya joto na maji ya moto ni mzigo wa mwenye nyumba kwa sheria za upangaji (England ile ya 1985, Wales ile ya 2016), na ukaguzi wa gesi ni wake kila mwaka. England, tangu Oktoba 2022, lazima aweke pia kengele ya kaboni monoksidi katika chumba chenye boila. Ukinusa gesi usiguse swichi: fungua madirisha, geuza mkono wa koki iliyo kando ya mita hadi ukatize bomba, toka nje, piga 0800 111 999.