Skrini kanisani: isaidie kusoma Neno, isichukue nafasi ya mahubiri

Katika sharika nyingi za Dar es Salaam, bajeti ya mwaka haipiti siku hizi bila mtu kuuliza habari ya projekta. Vijana wanataka skrini mbili kubwa, moja kila upande wa madhabahu. Wazee wanauliza kwa nini fedha hizo zisimalizie kwanza uzio au darasa la Shule ya Jumapili. Mabishano ya bei yakiisha linabaki swali lenye uzito zaidi: je, mahubiri yenyewe yawekwe kwenye slaidi? Nalipima hapa kwa sababu pande zote mbili zina hoja nzito, na kila upande una tabia ya kujibu hoja dhaifu ya mwenzake na kuipita ile yenye nguvu.

Wanaopinga wana andiko lao, Warumi 10:17: "Basi imani, chanzo chake ni kusikia, na kusikia huja kwa neno la Kristo." Wanasema mhubiri ni shahidi anayesimama mbele ya watu, macho kwa macho, na skrini inawaondolea watu macho yake. Wanasema pia kwamba msharika akishajua mstari utaonyeshwa, Biblia anaiacha nyumbani.

Hoja hii ya pili ni nzito kuliko inavyosikika. Chukua Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Ukiuweka peke yake kwenye skrini, juu ya picha ya mtu aliyefika kileleni, unakuwa ahadi ya kupanda cheo na kujenga nyumba. Mwenye Biblia mkononi jicho lake linaangukia mstari wa 12, ambapo Paulo anasema amefundishwa "kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa." Maana inageuka kabisa. Slaidi haikusema uongo, ila imekata andiko mahali pabaya, na mia tatu waliokaa pale wameondoka na nusu ya neno. Kosa hili linatendeka kila Jumapili, na waliotengeneza slaidi hawajui kwamba wamelitenda.

Wanaounga mkono nao wana maandiko. Habakuki aliambiwa, "Iandike njozi ukaifanye iwe wazi sana katika vibao, ili aisomaye apate kusoma kama maji." Lakini nguvu yao hasa iko kwenye hali halisi ya jiji hili. Dar es Salaam ni mji wa watu waliotoka kwingine. Kwenye benchi moja yuko aliyelelewa na Wamoravian wa Mbeya, aliyebatizwa Bukoba, na aliyeokoka mwaka jana kwenye mkutano wa injili Kawe na hajawahi kumiliki kitabu cha nyimbo. Wimbo uleule kila mmoja anaujua kwa maneno yaliyotofautiana kidogo. Mashairi yakiwa kwenye skrini, mgeni anaimba ubeti wa pili kama mwenyeji.

Halafu kuna wasiosikia vizuri. Usharika ambao hauna mkalimani wa lugha ya alama, na ni wengi, hauna kingine cha kumpa kiziwi isipokuwa maandishi. Kuna bibi ambaye herufi za Biblia yake ya zamani zimeshamshinda. Kuna waliokaa nje chini ya turubai kwa sababu ndani pamejaa. Anayesema skrini ni mapambo ya vijana awafikirie hao kabla hajapiga kura.

Tena picha katika utume si jambo la juzi. Januari 1854, akiwa njiani kuelekea Luanda, mmisionari David Livingstone aliwasha taa yake ya picha, iliyomulika picha za kwenye vioo kama projekta, mbele ya Chifu Shinte, katika eneo ambalo leo ni kaskazini-magharibi mwa Zambia. Picha ya kwanza ilikuwa ya Abrahamu ameinua kisu juu ya Isaka. Wanawake walitazama kimya mpaka Livingstone alipoanza kukisogeza kioo chenye picha. Kisu kikaonekana kinawajia wao, wakatimua mbio huku wakimlilia mama. Livingstone aliandika kisa hicho mwenyewe, nami nakitaja kwa sababu kinazihusu pande zote mbili. Picha ina nguvu kweli, lakini mtazamaji anaweza kupokea kitu tofauti kabisa na kile mhubiri alichokusudia.

Kwa hiyo kubishana skrini iwepo au isiwepo hakutufikishi mbali. Tujiulize inafanya kazi gani kwa dakika ile. Kwa maoni yangu madhara mengi yanazaliwa Jumamosi usiku, mhubiri anapochukua muhtasari wake wote na kuumwaga kwenye slaidi. Ile karatasi aliiandika ili imkumbushe yeye. Ikishabandikwa ukutani, watu wanaanza kuisoma, wanaimaliza kabla yake, kisha wanakaa kumsubiri afike walikokwisha kufika. Naye, kwa kuwa maneno yako nyuma yake, anageuka kuyasoma na kuwapa watu mgongo.

Utafiti wa elimu umeligusa jambo hili. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ameonyesha kwa majaribio mengi kwamba watu hujifunza vizuri zaidi kwa picha na maelezo ya sauti kuliko wanapopewa picha, sauti na maandishi yaleyale ya sauti kwa pamoja. Jicho haliwezi kusoma na kutazama picha kwa wakati mmoja, na akili inatumia nguvu kulinganisha inachosikia na inachosoma. Wazee walikuwa wameliona hilo bila maabara. Ila tusiunyooshe utafiti huo kupita kiasi. Mkutano unaosoma Zaburi kwa sauti moja kutoka kwenye skrini haugawanyiki akili, kwa sababu pale maandishi ndiyo tendo lenyewe.

Nionyeshe kwa slaidi moja. Somo ni mwana mpotevu. Slaidi ya kawaida ina kichwa kwa herufi kubwa, "UPENDO WA BABA," pointi sita chini yake, kila moja na mstari wake wa Biblia, maandishi ya njano juu ya picha ya machweo. Sasa futa vyote na ubakize sehemu ya Luka 15:20, ikikatwa mahali ambapo msomaji anavuta pumzi:

Alipokuwa angali mbali,
baba yake alimwona,
akamwonea huruma,
akaenda mbio

Mandhari tupu, hakuna picha. Mhubiri anasoma, ananyamaza, kisha anaizima. Kwenye PowerPoint, ukibonyeza herufi B wakati wa onyesho skrini inakuwa nyeusi, ukibonyeza tena inarudi. Natamani kila kijana wa mitambo aijue herufi hiyo, maana skrini ikizimika macho yanarudi kwa mtu anayesema. Zile pointi sita mhubiri anazo kwenye karatasi yake, na huko ndiko mahali pake.

Kukata mistari kwa pumzi kuna sababu nyingine. Maneno yetu ni marefu, na kitenzi kimoja kinaweza kujaza theluthi ya mstari. Programu ikiachiwa ijipangie, inapunguza herufi mpaka nyuma hazionekani, au inamtenganisha mtenda na tendo lake. Programu hizi pia hudhani kila kitu ni Kiingereza. Andika "roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu" uone ile "i" inavyogeuzwa kuwa herufi kubwa. Ukiruhusu hilo mbele ya mkutano unaoipenda Biblia, watu watatazama kosa, si andiko. Na kama mchungaji anasoma tafsiri ya Biblia ya Union Version, skrini nayo ioneshe hiyohiyo. Nimeona mkutano ukigawanyika vinywa katikati ya mstari kwa sababu skrini ilikuwa na tafsiri nyingine, ile ya Habari Njema.

Upande wa vyombo, jiji letu lina shida yake: joto. Hatuwezi kufunga madirisha saa tano asubuhi, na mwanga unaoingia unaifubaza projekta. Projekta haina uwezo wa kutoa weusi. Inapoonyesha weusi, huacha tu kumulika, na jua linajaza nafasi hiyo. Ndiyo maana mandhari meusi yenye maandishi meupe, yanayopendeza sana kwenye mkesha, yanafifia kabisa kwenye ibada ya pili. Mchana tumia mandhari meupe na herufi nyeusi nene. Kuhusu umbali, kanuni inayotumika sana ni kwamba anayetakiwa kusoma asikae mbali zaidi ya mara 6 ya kimo cha skrini. Skrini ya kimo cha mita 1.5 inamtosha aliye mita 9. Runinga ya inchi 55 iliyofungwa kwenye nguzo ina kimo cha sentimita 68 hivi, kwa hiyo inawafaa walio ndani ya mita 4 tu. Herufi zikikuzwa sana umbali huo unaongezeka, lakini maneno nayo lazima yapungue.

Mahali ambapo natetea slaidi bila kusita ni kwenye mafundisho: darasa la kipaimara, semina ya ndoa, shule ya Biblia ya jioni. Huko ramani ya safari za Paulo inafanya kazi ambayo maneno hayaifanyi. "Mtu mmoja alishuka toka Yerusalemu kwenda Yeriko," anasema Luka, na picha moja ya njia ile inayoteremka karibu mita 1,000 katikati ya miamba mitupu inaeleza kwa nini wanyang'anyi waliipenda. Kwa picha nyingine hatuna haja ya kuokota mitandaoni kazi za watu, jambo ambalo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaligusa hata kanisani. Kwa somo la Luka 5, mtu mwenye simu aende soko la samaki la Feri alfajiri, aombe ruhusa kwa wavuvi, apige picha ya nyavu. Watoto wa Shule ya Jumapili watamwelewa Petro upesi zaidi kuliko kwa mchoro wa Ulaya.

Basi usharika ulioko kwenye mjadala wa kununua uanze na kuazima. Ulete projekta Jumapili moja, madirisha yakiwa wazi, na bibi mwenye macho mabovu aketi benchi la mwisho asome Zaburi kutoka kwenye skrini. Akishindwa, mnahitaji chombo kingine au mpangilio mwingine wa mabenchi, na uzio utangulie. Akiweza, nunueni, kisha mkubaliane na wahubiri kwamba maandiko na nyimbo vinafika kwa vijana wa mitambo kabla ya Ijumaa, na kwamba muhtasari wa mahubiri haupokelewi.